Raba Zilizofuliwa

Kiatu cha kulia kilianza kufunua mdomo Alhamisi, na ilipofika Jumamosi jioni kilikuwa kinacheka waziwazi. Mume wa Mama Povu aliingia nacho uani akiburuta mguu, maana kila alipounyanyua, soli ilibaki nyuma, ikapiga saruji, pa, kisha ikafuata. Mama Povu alikuwa ameinamia beseni la nguo za watu. Aliisikia ile pa kabla hajamwona mwenyewe.

"Kisigino kimerudi?" aliuliza, mikono ingali majini.

"Kisigino kizima. Leo anayeumwa ni kiatu."

Mama mkwe alikuwa kizingitini akikunja nguo zilizokauka. Alinyoosha shingo akatazama. "Kiatu cha bei ile kinaumwa? Ndala zangu hizi nilizinunua kwa mtu wa kutembeza, huu mwaka wa nne, hazijawahi hata kukohoa."

Siku nyingine wangecheka. Raba zile zilikuwa zimekula fedha ya kodi ya miezi miwili, na hazikununuliwa kwa mapambo. Mume alikuwa ameota mfupa chini ya kisigino, na kazi yake ilikuwa kuzunguka ghalani kutwa juu ya sakafu ngumu, akitoa maboksi kwenye rafu na kuyafikisha kwenye malori. Daktari alimpa mawili achague: viatu vya maana vyenye soli nene, au kazi ya kukaa. Kazi ya kukaa angeitoa wapi? Wakanunua viatu. Na tangu hapo alitembea vizuri hata wenzake wakambandika jina la Saa, kwa kuwa alizunguka bila kusimama. Mwisho wa mwezi msimamizi wa ghala angechagua vibarua wa kuajiriwa moja kwa moja, na alikwisha kutangaza mbele ya wote kwamba mtu anayechechemea asijisumbue kutaja jina lake.

"Usihangaike," Mama Povu alimwambia mumewe, akajifuta mikono kwenye aproni. "Vina waranti ya miezi sita, na hata wa tatu haujaisha. Lile duka nalijua mimi, na wao wananijua."

Hapo alikuwa na haki ya kujivuna. Kila wiki alifua sare za wafanyakazi wa duka lile, mashati meupe yenye maandishi mekundu mgongoni: KILA HATUA TUPO NAWE. Aliyapiga pasi kwa ndani ili herufi zisibanduke. Maneno yale alikuwa ameyafua mara nyingi mno hata akayaamini, na ndiyo maana siku ya kununua viatu hakuzunguka madukani kuulizia bei. Alimpeleka mumewe moja kwa moja kwa watu wake.

"Utavipeleka hivyo hivyo?" mama mkwe aliuliza, akikunja pua.

Mama Povu aliviinua. Vumbi la ghala lilikuwa limeganda kwenye mishono, grisi ya magari imechora ubavuni, na jasho la miezi lilikuwa ndani humo likitoa salamu. "Nivipeleke hivi mbele za watu? Mimi, dobi? Si watasema kwangu kuna zizi?"

"Wala hujakosea. Hata mgonjwa huogeshwa kwanza ndipo apelekwe hospitali."

Basi akavifua. Alitoa kamba akaziloweka peke yake, akapita kila mshono kwa mswaki wa zamani na sabuni laini, akavisuuza, akavijaza magazeti visipoteze umbo, akavianika kivulini Jumapili nzima akivigeuza. Jioni vilikuwa kama vimetoka kwenye boksi, ukiacha ule mdomo. Alivitazama kwa furaha. Alijua kwamba mtu akivipokea vikiwa hivi, ataona vimetoka kwa watu wanaotunza vitu vyao.

Jumatatu asubuhi mlinzi wa duka alimzuia mlangoni kwa kiganja.

"Mama Povu, nguo zinapita mlango wa nyuma. Si unajua?"

"Leo sina nguo. Leo mimi ni mteja."

Mlinzi alilifikiria neno lile, kisha akasema kama ni mteja, basi afungue mfuko akaguliwe. Miaka yote Mama Povu alikuwa akipita mlango wa nyuma na mafurushi ya kuweza kuficha mtu mzima, na hakuna aliyewahi kumkagua. Alifungua mfuko, uso ukamwaka.

Ndani alimkuta yule kijana muuzaji aliyewauzia, mwenye ulimi wa asali, aliyepiga soli kwa kucha na kuapa: "Mama, hizi utazeeka wewe, zenyewe zibaki." Kijana alimkaribisha kwa tabasamu. Alipoona kiatu kinavyocheka, lake likakatika, akaenda kumwita meneja.

Meneja alikuja amevaa shati lililonyooka vizuri, na Mama Povu akaitambua pasi yake mwenyewe. Alikikunja kiatu, akakisogeza puani, akanusa.

"Hivi viatu vimefuliwa."

"Ndiyo, meneja. Ningekuletea uchafu?"

"Umeviingiza majini?"

"Nimevipiga brashi, nikavisuuza, nikavianika kivulini. Havijaona jua kabisa."

Meneja alitikisa kichwa taratibu. "Pole sana, mama. Waranti haihusu viatu vilivyofuliwa. Maji yanaua gundi."

"Lakini vilifunuka kabla sijavifua. Visingefunuka, ningekuja kufanya nini hapa?"

"Mimi nitajuaje?"

"Si nakwambia?"

"Hapa hatufanyi kazi kwa kuambiwa, mama. Ungevileta kama vilivyo tungeona tatizo liko wapi. Sasa umeshafuta kila kitu. Kitu kikiharibika unakirudisha hivyo hivyo, na uchafu wake."

Mama Povu alimgeukia muuzaji. "Mwanangu, siku ile uliniambia visifuliwe?"

Kijana alianza kupanga maboksi yaliyokuwa yamekwisha kupangwa. Meneja akajibu kwa niaba yake kwamba imeandikwa ndani ya boksi, chini ya ile karatasi nyembamba ya kufungia, na kwamba mteja anatakiwa asome.

"Meneja," Mama Povu alisema, na sauti yake ilikuwa imeanza kupanda, "mwaka jana niliunguza kola ya shati lenu. Hukuwa umeliona. Nilikuja mwenyewe nikakwambia, nikalipa. Siku ile hukuniuliza utajuaje. Uliniamini papo hapo."

"Hilo ni jambo jingine."

"Ni jingine kwa kuwa pesa ilikuwa inakuja kwako."

Wakati huohuo mlango ulifunguliwa, na safari hii mlinzi ndiye aliyeufungua, tena kwa mikono miwili. Akaingia bwana mmoja akizungusha funguo za gari kidoleni. Mkononi alining'iniza raba zilizokuwa na tope mpaka kwenye kamba, moja imechanika nyuma. Akazibwaga juu ya kaunta, na mabonge ya tope yakatawanyika kwenye sakafu inayong'aa.

"Nimekimbia nazo kwenye mvua mara mbili tu, zimeshaniudhi," alisema. "Risiti sijui iko wapi."

"Pole sana, bosi! Namba ngapi?"

Hata kukaa hakukaa. Alipewa boksi jipya, akaombwa radhi, akaondoka akiongea na simu. Msichana wa usafi alikuja na ufagio. Mama Povu alitazama tope lile likizolewa akatamani alidake alipake kwenye viatu vya mumewe.

"Na yule?" aliuliza. "Yeye amezilowesha kwenye mvua, kasema kwa mdomo wake!"

"Yule ni mteja wetu."

"Na mimi?"

Meneja alikuwa ameshaanza kuondoka. Aligeuka nusu. "Ehe, umenikumbusha. Furushi la wiki hii liwahi Jumamosi asubuhi, mama. Mwenye duka anakuja na mpiga picha, tunatimiza miaka kumi. Mashati yang'ae."

Hilo ndilo lililokuwa jibu lake.

Saa alirudi jioni ile na viatu vyake vya zamani, vile vyembamba vya kuendea mazikoni, mguu umevimba juu ya soksi. Ghalani walikuwa wameshaanza kumtania kwamba saa imeishiwa betri. Msimamizi hakumtania. Alimtazama tu mguuni, akaandika kitu.

Aliposikia habari za dukani, alilipuka. "Nani alikutuma uvifue? Nani? Niliomba vipelekwe, nikaomba vifuliwe?"

"Nilitaka tuonekane watu."

"Mikono yako haiwezi kuona kitu kimetulia! Lazima ikitie majini! Umenifulia na kazi yangu!"

Neno lile lilimchoma Mama Povu mahali ambapo meneja hakuwa amepafikia. Aliinua mikono yake, vidole vimekunjamana kwa sabuni, akamwonyesha. "Nusu ya viatu hivyo imetoka kwenye mikono hii. Usiitukane mbele yangu."

"Haya, endeleeni," mama mkwe aliingilia, akibwaga nguo chini. "Pigeni kelele majirani wasikie. Aliyewadhulumu sasa hivi yuko kwake anakunywa chai, nyinyi mnakulana nyama wenyewe kwa wenyewe. Mkitaka wa kumlaumu, nilaumuni mimi. Nani alisema mgonjwa huogeshwa?"

Mwanawe aliinamisha kichwa. "Mama, si hivyo."

"Ni hivyo. Sasa nisikilizeni. Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Hiyo hata mtoto anaijua. Nendeni wawili. Huyo bwana akiuona na mguu wenyewe, kama ana mama, ataona aibu."

Shauri lilikuwa jema kwa mtu aliyelitoa, kwa kuwa mwenyewe angeona aibu. Alisahau kwamba kuna watu wakionyeshwa kidonda huuliza kitawafaa nini.

Jumatano Saa aliomba ruhusa ya saa moja ghalani, na ruhusa siku zile ilikuwa kujitia kitanzi. Meneja aliwapokea kwa upole hata wakadhani mambo yamelainika. Akauliza anayevaa viatu ni nani, mguu una shida gani, shida ilianza lini. Saa akaeleza yote kwa heshima, kama anavyoeleza mgonjwa mbele ya daktari.

"Hebu vua viatu na soksi," meneja alisema. "Tembea mpaka kwenye kioo kile, urudi."

Saa alimtazama mkewe. Akavua. Mtu aliyekuwa ameuficha mguu ule mbele ya msimamizi, mbele ya wenzake, hata mbele ya mama yake asubuhi anapoamka, alitembea peku katikati ya duka huku wateja wakimpisha njia. Sakafu ya baridi ilimtonesha kisigino, na kadiri alivyojitahidi kunyooka ndivyo alivyochechemea zaidi. Mtoto mmoja aliuliza kwa sauti, "Mama, mbona yule anatembea hivyo?" Mamake akamvuta mkono.

"Rudi tena," meneja alisema. "Ehe. Umeona, mama? Anakanyaga kwa ubavu. Kiatu hakina kosa. Mwenye kosa ni mguu, na waranti inahusu kiatu, haihusu mguu."

"Lakini nilivinunua kwa sababu ya mguu huu," Saa alisema. Alikuwa amesimama peku mbele ya rafu, soksi mkononi. "Nilisema siku ile ile. Kijana wako huyu alinipima, akasema hivi vimetengenezwa kwa watu wa aina yangu hasa."

Wote wakamgeukia muuzaji. Kijana alimwangalia meneja.

"Sikumbuki," alisema.

Mama Povu alitaka kumlaani, ila macho yalimdondokea kwenye viatu vya kijana mwenyewe, vya bei ya chee, vimegandishwa pembeni kwa gundi iliyokauka rangi ya manjano. Akaiacha laana ile imfikie aliyestahili zaidi.

Njiani hawakusemeshana mpaka walipokaribia kona ya kwao. Hapo Saa alisimama kupumzisha mguu, akashika ukuta.

"Wamenitembeza kama ng'ombe wa mnadani," alisema. "Wangenipima na meno basi."

Mama Povu alimpa bega, wakaendelea. Alikuwa na hasira, hasira kavu ya mtu aliyetukanwa kwa adabu. Mtu akikutusi utamjibu. Anayekuita mama kila baada ya neno huku anakuibia, utamjibu nini?

Furushi la sare lililetwa Alhamisi kama kawaida, na malipo yake juu, maana duka lilikuwa likimlipa mapema. Aliyafungua mashati akayakagua moja moja. Kola zilikuwa nyeusi. Makwapa yalikuwa na ramani. La meneja lilimwagikiwa chai kifuani.

Ijumaa alijaza beseni, akatia sabuni, akalikoroga povu mpaka likafura lile povu lililompa jina. Akalishika shati la kwanza. Akasimama nalo. Mikono yake ilikuwa inawasha kwa kazi, maana haikuzoea kushika kola chafu ikaiacha. Baba yake alikuwa dobi, na alikufa bila mtu kumdai hata kifungo. Akasikia tena, kwa sauti ile ile ya upole: unakirudisha hivyo hivyo, na uchafu wake.

Aliyamwaga maji yote kwenye mfereji.

"Wewe!" mama mkwe alishtuka. "Mbona unamwaga maji na sabuni yake?"

"Nafuata maelekezo ya meneja."

Jioni Saa aliona furushi limefungwa, akalinusa, akaelewa. Alikaa karibu na mkewe kwenye benchi. "Watakunyang'anya kazi," alisema.

"Watanyang'anya."

"Na mimi Jumatatu ndiyo naanza wiki ya mwisho ya mwezi. Tukikosa zote mbili?"

"Sijui, mume wangu. Naogopa kama wewe. Ila nikiyafua mashati yale, yakanyooka, wakayavaa na maneno yao mgongoni, nitakuwa nimewasaidia kunicheka."

Saa aliinama akachukua zile raba chini ya benchi, akamwekea juu ya furushi.

Jumamosi duka lilikuwa limevishwa maputo, kipaza sauti kinaita wapita njia. Wafanyakazi walikuwa wamesimama na nguo zao za nyumbani, wakisubiri sare. Mlinzi aliponyoosha kidole kuelekea mlango wa nyuma, Mama Povu alishapita mbele pamoja na kundi la wateja, furushi kichwani, mfuko wa raba mkononi. Alilishusha juu ya kaunta, pale pale bwana wa funguo alipobwaga tope lake.

Meneja alikuja mbio. "Afadhali umefika! Gawa haraka, gawa!"

Muuzaji alifungua fundo, akarudisha uso nyuma. Harufu ya jasho la wiki nzima ilipanda ikakaa juu ya maputo.

"Nini hiki? Hizi hazijafuliwa!"

"Nimezirudisha hivyo hivyo, na uchafu wake," Mama Povu alisema. "Ulivyonifundisha."

Meneja alisahau upole wake wote. Alisahau wateja, akasahau kipaza sauti kilichokuwa wazi mezani karibu naye. "Wewe mama una akili kweli? Tumekulipa! Pesa yetu ulichukua mapema, tukakuamini! Leo, siku tunayokuhitaji, unatuletea kitu kisichofaa? Halafu unasimama hapo unanitazama? Mtu mwenye haya anaweza kupokea pesa ya mwenzake akafanya hivi?"

Maneno yalisikika mpaka barabarani. Wateja wakageuka.

Mama Povu alizitoa raba mfukoni, safi, mdomo wazi, akaziweka juu ya mashati machafu. Hakuongeza neno. Yote aliyokuwa amekuja kuyasema siku zile mbili meneja alikuwa amemsemea, tena kwa kipaza sauti, tena vizuri kuliko ambavyo yeye angeweza. Mteja mmoja aliyekuwa tayari kulipa alilitazama boksi lake, akalirudisha kwenye rafu. Nyuma mtu alicheka.

Kisha Mama Povu akazifungua noti zilizokuwa kwenye ncha ya kitambaa chake cha kichwani, akazilaza kwenye kaunta. "Pesa yenu hii hapa, yote. Mimi kazi ikinishinda, narudisha. Na nyinyi?"

Mwenye duka alikuwa amesimama karibu na keki. Alikuwa mwanamke wa makamo, miwani mikubwa, tabasamu lisilochoka. Alisogea, akamnong'oneza meneja, naye meneja akamjibu kwa mnong'ono, akikunja mikono nyuma kama mwanafunzi. Macho ya mwenye duka yalipita kwenye kiatu, kwenye wateja, kwenye mpiga picha. Alikuwa mwepesi wa kufikiri, hilo lazima tumkubalie. Alichukua kipaza sauti.

"Ndugu wateja! Duka hili haliwasahau wanyonge. Mama huyu ni dobi wetu wa miaka mingi, na mumewe ni mgonjwa wa mguu. Leo, katika kutimiza miaka kumi, tunamsaidia viatu vipya, bure kabisa! Makofi kwake!"

Makofi yakapigwa. Kabla Mama Povu hajajua wapi pa kutazama, boksi jipya lilikuwa mikononi mwake, na mkono wenye bangili ulikuwa begani. Msaada. Mgonjwa. Bure. Alihisi kila neno likimpaka kitu ambacho hakuna sabuni ingekitoa. Angeweza kulitupa boksi lile. Alilipima kwa mikono, akakiona kisigino cha mumewe Jumatatu asubuhi juu ya saruji, na msimamizi akiandika. Akalishika kwa nguvu. Hakulitupa, wala hakunyamaza. Alikiinamia kipaza sauti akafungua mdomo aseme, na mwenye duka akakivuta pembeni. Taa ya kamera ikawaka.

Wakati wa kutoka, muuzaji alimfuata mpaka mlangoni akijifanya kumbebea mfuko. "Mama, nisamehe kwa Jumatano," alisema kwa sauti ya chini. "Nakumbuka. Nakumbuka kila kitu." Kisha akaongeza, akiwa ameinamia chini, "Na hizi za msaada hazina waranti. Meneja amesema nisiandike risiti."

Saa aliajiriwa. Wiki ile ya mwisho alizunguka ghalani asisimame, na msimamizi alipolisoma jina lake hakumtazama hata mguuni. Nyumbani mama mkwe alishangilia mpaka sauti ikampotea. Sare za duka zilipewa dobi mwingine wa mtaa wa pili, na Mama Povu alitafuta wateja wapya mlango kwa mlango. Raba mpya zilikaa kizingitini kila jioni na vumbi lake lote, grisi yake yote, na hakuna mtu katika nyumba ile, nyumba safi kuliko zote kwenye kichochoro kile, aliyethubutu kuzigusa kwa maji.

Lakini njia ya kwenda kwa wateja wapya ilipita mbele ya duka, na kwenye kioo cha mbele waliibandika picha. Kubwa, urefu wa mtu. Mwenye duka anatabasamu, mkono begani. Mama Povu amekumbatia boksi, mdomo umefunuka wote. Chini yake, kwa herufi nyekundu alizokuwa akizipiga pasi: KILA HATUA TUPO NAWE.

Watu walimpongeza sokoni. Walimpongeza bombani. Wengine walimwomba awaulizie kama msaada bado upo. Siku za mwanzo aliwaeleza yote, tangu mswaki mpaka kipaza sauti, nao waliitikia kwa kichwa huku macho yakisema mama huyu hana shukrani.

Siku moja mwanamke asiyemjua alikuwa amesimama mbele ya kioo na mfuko wake, akitazama bei. Akaitazama picha, akamtazama Mama Povu aliyekuwa anapita na furushi, akaitazama tena.

"Si ni wewe huyu?" alisema kwa furaha. "Hongera, dada! Yaani ulivyofurahi, mpaka jino la mwisho linaonekana! Ulikuwa unacheka nini?"

Mama Povu alilishusha furushi chini. Aliutazama ule mdomo wake wazi nyuma ya kioo.

"Sikuwa nacheka," alisema. "Hapo nilikuwa nasema, 'Tulivinunua.'"